Kinole na Amana ya Wazee Wetu

Ndugu msomaji, ukitoka Morogoro mjini kwa njia iendayo Matombo, utapita Kiroka, utafika Mkuyuni, kisha utaiacha njia kuu na kuuelekea mlima. Hapo joto la bondeni hupungua, na pande zote mbili huona migomba, mifenesi, minazi na michungwa iliyopandwa pamoja, hata mgeni akadhani ni msitu. La, si msitu. Ni mashamba, na kila mti una mwenyewe. Hapo ndipo Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru.

Kwa wafanya biashara wa Dar es Salaam, Kinole ni jina la shehena: ndizi, mananasi, mafenesi, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Kwetu sisi tuliolelewa huko, ni jina la watu, na wengi katika hao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Nia yetu katika kurasa hizi si kuusifu mji wetu, kwani kila ndege huona kiota chake ndicho chema. Nia yetu ni kuyatia katika wino machache tuliyoyapokea kwa wazee, na kuonyesha ya kwamba masimulizi yale hayakuwa ya kupitishia usiku tu. Ndani yake mna haki za watu, na khususan haki za wajane na mayatima.

MLIMA NA MVUA

Neno Waluguru maana yake ni watu wa mlimani. Wazee walitwambia kwamba koo zao hazikuota pale kama uyoga. Zilipanda mlima kutoka pande mbalimbali, moja baada ya moja, nyingine zikikimbia vita na nyingine zikitafuta ardhi. Kila ukoo ulifyeka kipande chake cha msitu, ukazika wafu wake pale, na tangu siku ile kipande kile kikawa na jina la ukoo.

Kilichowavuta ni maji. Upepo utokao Bahari ya Hindi huja na mawingu, na mlima huyazuia upande wetu wa mashariki. Sehemu za juu hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, hali upande wa magharibi hupata chache sana kuliko hizo. Twakumbuka jinsi nguo zilivyokaa siku tatu kambani bila kukauka, na jinsi mama zetu walivyoanika karafuu kwa wasiwasi, jicho moja likiwa mkekani na jingine likiwa mlimani. Mito ishukayo huko huingia katika mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha wengi katika watu wa Dar es Salaam. Basi mkazi wa mji ule afunguapo bomba na kutawadha kwa swala ya alfajiri, aghlabu hutawadha kwa maji ya milima yetu.

Wajerumani waliutenga msitu wa Uluguru Kaskazini kuwa hifadhi mwaka 1909, na mwaka 2008 misitu ya Uluguru ikafanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Wataalamu wa ndege wanatwambia yuko ndege katika misitu ile asiyeonekana mahali pengine po pote duniani. Sisi tulipokuwa watoto hatukujua habari hiyo. Tulijua tu kwamba mwenye kukata mti penye chemchemi atakaripiwa na kila mzee atakayempita njiani.

KINGALU

Huwezi kuitaja Kinole usimtaje Kingalu. Kingalu si jina la mtu mmoja tu, ni cheo. Hufa mtu, jina likabaki, akalivaa mwingine. Wala hakurithi mtoto wa marehemu. Alirithi mtoto wa dada yake, kwa sababu kwa Waluguru ukoo hufuata tumbo la mama. Kinole ilikuwa ndiyo makao yake, na sifa yake kubwa ilikuwa ni mvua. Ukame ulipozidi, watu walimwendea hata kutoka bondeni, nje ya Uluguru.

Twaandika habari hii kama ilivyokuwa, kwani mwenye kuficha tarikhi ya wazee wake huwadhulumu. Walakini sisi Waislamu twajua kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na tumefundishwa kutoka uwanjani tukasali na kuomba istighfari isiponyesha. Wazee wetu wenyewe walilijua hilo. Tulimsikia mmoja wao, mtu mcha Mungu asiyekosa swala ya jamaa, akisema: “Kingalu tulimheshimu kwa sababu alikuwa mkubwa wetu. Mvua tulimwomba Mwenye mvua.” Sisi twaiona kauli hiyo kuwa ya hekima, kwani ilimpa kila mmoja anachostahili.

Wakati wa karne ya 19 mambo yalibadilika haraka. Misafara ya Bagamoyo ilipita chini ya mlima, na pale ulipo mji wa Morogoro Kisabengo akajenga mji wenye kuta, ukajulikana kwa jina la Simbamwene. Stanley aliupita mwaka 1871 akaustaajabia. Watumwa walitekwa, na kwa hofu hiyo watu wengi walizidi kupanda juu. Kisha wakaja Wajerumani, na tangu mwaka 1898 wakatoza kodi ya nyumba. Reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907. Agosti 1916 Waingereza wakautwaa mji wa Morogoro, na majeshi yakauzunguka mlima yakifuatana kuelekea Kisaki, yakipita njia zetu na kuchukua vijana kuwa wapagazi. Bibi zetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu; waliihesabu kwa kusema, “Fulani alizaliwa mwaka wa wapagazi.”

Waingereza nao waliwatawala watu kwa mikono ya machifu. Baada ya uhuru, mwaka 1963, Serikali ya Tanganyika ikaufuta utawala wa machifu. Jina la Kingalu halikufa, bali limebaki katika heshima na mila, si katika kuhukumu wala kutoza.

JINSI DINI ILIVYOPANDA MLIMA

Uislamu ulipanda milima yetu kwa miguu. Haukuja kwa jeshi. Ulikuja na wafanya biashara wa pwani, na vijana wetu walioshuka kuuza mazao wakarudi wamejifunza Alfatiha, na walimu waliopanda na mfuko mmoja wa vitabu wakaozeshwa na kukaa. Jirani zetu wa Matombo walipata misheni ya Wakatoliki tangu mwaka 1897, na kwa hivyo ni jambo la kawaida kwetu kukuta ukoo mmoja wenye Waislamu na Wakristo. Wakati wa msiba huchimba kaburi pamoja, kila mmoja akajua mahali pa kusimama.

Madrasa ya utoto wetu ilikuwa baraza la nyumba ya udongo. Tuliandika juu ya mbao kwa wino wa masizi, na ubao ulipojaa tuliuosha kwa heshima, maji yake hayakumwagwa njiani. Ada ya mwalimu ilikuwa mkungu wa ndizi au siku moja ya kumlimia. Mwezi wa Ramadhani ukungu ulitusumbua, kwa kuwa mlimani mawingu huficha mwezi hata siku ambayo watu wa bondeni wameuona. Ikawa vijana hutumwa kushuka kutafuta habari, wakarudi usiku wakipiga kelele tangu mbali. Na mwezi wa Mfungo Sita, maulidi yaliwakusanya watu wa vijiji vya pande zote, kila nyumba ikapika.

Lakini katika dini hiyo hiyo iliyoingia kwa upole lilikuwamo jambo moja ambalo halikuwahi kutengenezwa vizuri mpaka leo. Jambo lenyewe ni mirathi.

UKOO WA MAMA

Mluguru ni wa ukoo wa mama yake, ingawa jina la heshima hulipata upande wa baba. Ardhi ni ya ukoo, na mwenye sauti juu yake ni mjomba, si baba. Mwanamume alimpata mke, akalima ama katika ardhi ya ukoo wake mwenyewe ama katika ardhi ya ukoo wa mkewe. Aliyeazimwa ardhi na ukoo usio wake alitoa kila mwaka malipo yaliyoitwa ngoto, kwa kukiri kwamba ardhi si yake. Aliruhusiwa kupanda mahindi, mpunga wa mlimani, maharage. Kupanda miti ya kudumu alikatazwa. Kwa nini? Kwa sababu mhindi hukaa miezi minne, lakini mnazi humwona mjukuu. Mwenye mti ulioota hugeuka kuwa mwenye ardhi.

Bibi yetu hakujua kusoma herufi za Kizungu, lakini mipaka yote ya ukoo wake ilikuwa ulimini mwake. Jioni alitukalisha akataja: shamba hili lilifyekwa na mama wa mama yake fulani, lile pale chini ya jiwe aliazimwa mtu wa ukoo mwingine mwaka wa njaa, na watoto wake wangali wanakaa, huu mfenesi ni wa fulani, ingawa ardhi si yake. Sisi tulisinzia. Yeye aliendelea, kama mtu ahesabuye tasbihi.

Elimu ile haikuwa upuuzi. Waingereza walipoleta Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, baada ya Vita Kuu ya Pili, waliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia ilisemwa kuwa njema. Lakini udongo mzuri wa mlimani ni ngozi nyembamba. Ukiuchimba sana, huufukia chini na kuutoa juu ule usio na rutuba. Wanawake walifanya kazi ya sulubu, na mavuno yakapungua. Na zaidi ya hayo watu waliogopa ya kwamba anayekutia alama katika shamba lako kesho atasema ni lake. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ule ukavunjika. Wazee walipotusimulia habari zile hawakusema sana juu ya udongo. Walisema, “Walikuja kutupimia ardhi pasipo kutuuliza ni ya nani.”

MITI NA ARDHI

Mambo hayakusimama. Karafuu, minazi, michungwa na viungo vilipopata bei, wanaume walipanda miti ya kudumu kila mahali, na lile katazo la zamani likalegea. Mwanamume alifanya kazi miaka thelathini katika shamba, akajenga nyumba ya bati, akafa. Hapo ndipo matata huanza, na yamekuwa ya namna mbili.

Namna ya kwanza tumeiona kwa macho yetu. Mtu amekufa akaacha mke na watoto wadogo. Kabla eda ya mjane haijatimia, ile miezi minne na siku kumi aliyoiamrisha Mwenyezi Mungu, wapwa wa marehemu wamekwisha fika. Husema, “Shamba ni la ukoo wetu, na mjomba wetu amekufa.” Huchukua shamba pamoja na mikarafuu, na nyumba, na hata jamvi la kuanikia. Mjane hushuka mlima na sufuria zake, watoto wakimfuata. Watu hao ukiwauliza, hujibu: ni mila.

Namna ya pili ni ngeni zaidi, na wenye kuitenda ni watu waliosoma. Mwanamume hupata habari kwamba siku hizi ardhi ya kijiji huandikiwa hati. Hulichukua shamba la ukoo, lile lililokaa mikononi mwa mama na dada zake tangu zamani, akaliandikisha kwa jina lake pekee. Akiulizwa, hujibu: mimi ni mwanamume, na katika dini fungu langu ni mara mbili. Kisha huliuza. Dada zake hujua siku mnunuzi ajapo kukata miti.

Wa kwanza amejificha nyuma ya mila ili aidhulumu dini. Wa pili amejificha nyuma ya dini ili aidhulumu mila, na dini yenyewe pia. Kila mmoja ameokota lile limfaalo, akaacha lile limpasalo. Wala Qur’ani haikunyamaza: katika Surat An-Nisaa, aya ya 10, Mwenyezi Mungu amewatisha kwa moto wale walao mali ya mayatima kwa dhulma.

Sisi si makadhi, na hukumu ya kila kesi ni ya wenye elimu. Lakini msingi wa jambo waweza kufahamiwa na kila mtu wa nyumbani. Mirathi hugawa kile alichokimiliki maiti. Ambacho hakukimiliki, bali kilikuwa amana mkononi mwake, hakigawiwi kwa warithi wake. Hurudi kwa wenyewe. Basi swali la kwanza si nani atarithi. Swali la kwanza ni hili: marehemu alikuwa na nini kilicho chake? Ikithibiti kwamba ardhi aliazimwa na ukoo, mwanawe hawezi kuiita urithi. Ikithibiti kwamba mikarafuu aliipanda kwa mkono wake na kwa idhini, na nyumba aliijenga kwa fedha yake, mpwa hawezi kuiita ya ukoo.

Tutoe mfano. Tuseme mtu amekufa, ameacha mke mmoja, mama yake, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili; baba yake amemtangulia. Yamekwisha tolewa mazishi, madeni na wasia, ikabaki mikarafuu 96 iliyo sawa. Mke ana thumni, yaani miti 12. Mama ana sudusi, miti 16. Inabaki miti 68 ya watoto: mwana wa kiume 34, na kila binti 17. Jumla yake ni 96 kamili. Mpwa hana fungu hapo. Ikiwa mjomba alimpenda mpwa wake, mlango wake ulikuwa wazi alipokuwa hai: angempa hiba, au angemwandikia wasia usiozidi theluthi. Na tazama vema: katika hesabu hii mna wanawake wanne, hakuna hata mmoja aliyetoka mikono mitupu.

KILICHOBAKI MIKONONI MWETU

Mtu aweza kuuliza: itajulikanaje leo kipi ni cha ukoo na kipi ni cha mtu? Itajulikana kwa wazee, na wazee wanakwisha. Kila bibi azikwaye Kinole huzikwa na kitabu kizima cha mipaka, cha miti, cha nani aliazimwa na nani alinunua. Kesi nyingi za ardhi zisizokwisha hazikosi kwisha kwa uhaba wa sheria. Hukosa kwisha kwa sababu shahidi amekufa. Na pale ushahidi unapokosekana, hushinda mwenye sauti kubwa au mwenye fedha, na mjane hana yote mawili.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu wa Kinole, na wa kila mji ulio katika hali kama yetu, mambo matatu.

La kwanza, kila nyumba iwe na daftari. Mwite bibi, mwite mjomba mkubwa, mweke na watu wawili waadilifu kuwa mashahidi, mwandike: shamba fulani, mipaka yake, miti yake, mwenye ardhi, mwenye miti. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat Al-Baqara, aya ya 282, kuandika deni likiwa na muda wake. Ikiwa deni la shilingi huandikwa, shamba la vizazi vitano lisiandikwe?

La pili, mwanamume mwenye mali aandike wasia wake angali mzima, na wala asiuogope kama kwamba wasia huita mauti. Abainishe yaliyo yake na yaliyo amana. Mkewe ajue, watoto wajue, na wapwa wake waambiwe mbele yake, ili neno lisije likazuliwa nyuma ya jeneza.

La tatu, ardhi iliyo ya ukoo isiandikishwe kwa jina la mtu mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila kutolewa kwa jamaa au kwa kundi la watu pamoja, wala haikubali mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya uanamke wake. Basi ukoo na uende kwenye Halmashauri ya Kijiji kwa umoja wake, na majina ya dada yawemo katika karatasi kama yalivyokuwa katika ulimi wa bibi.

Wazee wetu wa Kinole hawakuwa malaika. Waligombana, walirogana kwa maneno, walinyimana maji ya mfereji. Lakini walijua tofauti ya kitu cha mtu na kitu alichoshikishwa mtu, na juu ya tofauti hiyo walikaa mlimani pamoja vizazi vingi, Waislamu kwa Wakristo, wenyeji kwa walioazimwa, pasipo hati wala ramani. Sisi tumepata hati, tumepata ramani, tumepata madrasa na masheikh wa kutufundisha faraidhi. Itakuwa ajabu, na itakuwa aibu mbele ya Mola wetu, ikiwa kwa vyombo vyote hivyo tutashindwa kuilinda haki ambayo bibi mmoja aliilinda kwa kumbukumbu yake tu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, awahifadhi waliobaki, na atujaalie tuwaulize kabla hawajaondoka. Wabillahi taufiki.